Ziara ya darasa kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi: ombeni kazi, si harufu peke yake

Ziara ya viungo Unguja inauzwa kwa wateja wa aina mbili, na skuli nyingi huishia kununua ile ya mteja mwingine. Mtalii anataka kunusa, kupiga picha na kurudi hotelini kabla ya chakula cha mchana. Darasa la nne au la tano linataka kuona kazi: nani anapanda, nani anachuma, kitu kinakaushwa vipi, kinapimwa vipi, kinaharibika kwa nini. Mashamba ya Kizimbani, Dole na Kidichi, yapata kilomita 15 kutoka mjini, yanaweza kutoa yote mawili. Usipoomba la pili utapewa la kwanza, kwa kuwa ndilo mtembezaji analolifanya kila siku na midomo imeshalizoea.

Tunayoyasema hapa yanahusu huduma yenyewe kama inavyotolewa eneo zima, si shamba moja. Mashamba yanafanana kuliko vibao vyao vinavyodai.

Mzunguko wa kawaida huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mtembezaji anachuma jani, analiponda viganjani, analipitisha puani mwa watoto na kuuliza: nini hii? Hapa huduma ni nzuri na haina haja ya kurekebishwa. Mdalasini peke yake unatosha somo zima, maana mti mmoja una harufu tatu. Gamba lina harufu tunayoijua jikoni, jani likipondwa linakaribia karafuu, na mzizi ukikwanguliwa unanuka kafuri, kama dawa ya kuchua kifua. Mtoto aliyeamini kwamba mti una harufu moja anaduwaa, na kuanzia hapo anauliza maswali mwenyewe.

Kungumanga nayo haishindwi. Tunda likipasuliwa linaonyesha nyama ya nje, kisha utando mwekundu wa basibasi uliokumbatia ganda jeusi, na ndani ya ganda ndiyo kungumanga yenyewe. Viungo viwili, bei mbili, tunda moja. Mtembezaji mzuri ataeleza pia kwamba mikungumanga ina madume na majike, na kwamba mkulima hajui amepanda upi mpaka mti utoe maua, baada ya miaka sita au zaidi. Uliza hilo. Asipolijua, basi amejifunza kuongoza wageni lakini hajawahi kusubiri mti.

Vanila huwavunja watoto moyo wasipotayarishwa, kwa sababu tunda lake bichi halinuki chochote. Harufu huja baada ya kuivishwa kwa joto na kukaushwa taratibu kwa miezi. Lakini hadithi ya ua lake inafidia. Nyuki aliyezoea kulichavusha yuko kwao Meksiko, kwa hiyo huku kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa kijiti chembamba, asubuhi ileile linapofunguka, maana mchana limeshasinyaa. Njia hiyo aliigundua Edmond Albius katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841, naye alikuwa mtumwa mwenye umri wa miaka 12. Waambie watoto wa miaka 11 na 12 jambo hilo wakiwa wamesimama mbele ya mtambaazi wenyewe. Watembezaji wengi hawalitaji.

Wenye kupika nyumbani watauliza uzile (bizari nyembamba) uko wapi, maana pilau haiendi bila huo. Haupo. Uzile hauoti katika mashamba haya, huletwa kutoka nje, hasa India. Ni jibu zuri la kuanzishia mazungumzo ya biashara ya baharini, na mwalimu awe nalo mapema kabla mtembezaji hajalikwepa.

Sasa swali gumu: shamba hili linafanya kazi, au ni bustani ya maonyesho? Dalili ziko wazi kwa anayejua pa kutazama. Tazama shina la mdalasini. Likiwa limejaa majeraha ya kisu pande zote, shina moja likikwanguliwa kila siku kwa ajili ya wageni, hapo hakuna mavuno ya mdalasini. Mkulima wa kweli hukata machipukizi yote karibu na ardhi, huyavua gamba, kisha kisiki huchipua tena. Tazama idadi. Mche mmoja wa kila kitu, kila mmoja na kibao chake, ni maonyesho. Mikarafuu iliyopangwa kwa mistari, hiliki iliyoshika kivuli kizima, pilipili manga iliyopanda miti ishirini au thelathini, hilo ni shamba. Tafuta majamvi, magunia, mizani, shimo la mboji, na mtu anayelima bila kukugeukia. Mengi ya mashamba haya ni vipande vidogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa eka tatu tatu, na familia yenye eka tatu za mchanganyiko huishi kwa muhogo, ndizi, nazi, viungo kidogo na wageni. Hakuna aibu katika hilo. Ila darasa lijue linachokiangalia.

Karafuu ndipo ziara inapopanda au kuanguka. Ukifika nje ya msimu utaonyeshwa mti mrefu na jani la kunusa, basi. Ukifika wakati wa uchumaji, na uchumaji mkubwa kwa kawaida huwa kati ya Julai na Januari kutegemea mvua na mti wenyewe, unaweza kuona mnyororo mzima katika nusu saa. Kabla hujalipa, piga simu uulize swali moja tu: "Siku hiyo mtakuwa na karafuu juu ya jamvi?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, badilisha tarehe au badilisha shamba. Ikumbukwe pia kwamba karafuu nyingi za nchi hii zinatoka Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo skuli za Wete, Mkoani na Chake Chake hazina sababu ya kupanda meli kuja Kizimbani kwa ajili ya karafuu. Wawi wana kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na jamvi liko mlangoni kwa jirani.

Kazi yenyewe iko hivi, na kila hatua darasa linaweza kuiona, nyingine kuifanya. Vitumba huchumwa kabla ya ua kufunguka, vinapoanza kugeuka kutoka kijani kuwa vyekundu kwa mbali. Vikifunguka, thamani imeshuka. Mchumaji hukata kishada kizima na kukitia kwenye pakacha, na hulipwa kwa pishi. Baadaye vishada huchambuliwa: kitumba upande mmoja, makonyo upande wa pili. Hii ndiyo kazi ya watoto. Watoto 15 wakikaa kuzunguka jamvi wanaweza kuchambua pakacha moja ndani ya dakika ishirini bila kuharibu kitu, ilimradi waambiwe wasisugue kwa nguvu hata kichwa cha kitumba kikang'oka. Karafuu isiyo na kichwa hushushwa daraja. Wapime kabla na baada: uzito wa vishada, uzito wa karafuu, uzito wa makonyo. Hapo hesabu ya asilimia imepata nyama.

Kisha kuanika. Jua zuri huhitaji siku tatu hadi tano, karafuu zikitandazwa wembamba na kugeuzwa mara kwa mara, na kukusanywa kila jioni au wingu linapotanda. Kilo 3 mbichi hutoa takribani kilo 1 kavu. Yanayoharibika ni mawili. Karafuu mbichi zikilala kwenye rundo usiku kucha hupata joto na kuchacha, zikikauka huwa nyeupe na zilizosinyaa. Na zikinyeshewa zikiwa nusu kavu huota ukungu. Kavu sawasawa ni ile inayovunjika kwa sauti ukiikunja, rangi ya kahawia iliyoiva, kichwa chenye rangi nyepesi kidogo. Mwombe mwenye shamba awape gramu 10 za karafuu kavu warudi nazo. Darasani zihesabiwe, kisha ikadiriwe kilo moja ina vitumba vingapi. Wakishapata jibu, bei ya karafuu hawataiona tena kuwa ghali. Kuna kipimo kingine cha bure: tia karafuu kwenye gilasi ya maji. Yenye mafuta ya kutosha huzama au husimama wima kichwa juu. Iliyokwisha kukamuliwa hulala juu ya maji. Jaribio hili hufichua karafuu nyingi za sokoni zilizopigwa pakti nzuri.

Kupanda mkarafuu hakuna, hata kwa picha. Tawi lake hukatika bila kulia kwanza, tofauti na mwembe, na wachumaji wazoefu huvunjika viungo kila msimu. Kwa mnazi vilevile. Mkwezi huja mwishoni mwa ziara na kamba yake ya miguuni, hupanda, hucheza juu, huangusha madafu. Watoto wanapenda, na ni haki yao. Lakini simamisha darasa mbali, hatua kumi na tano kutoka shinani. Baadhi ya watembezaji huwaacha watoto chini kabisa ili picha itoke vizuri, na mara mkwezi ameshuka utawakuta wavulana watatu wanaujaribu mnazi wa jirani. Mwalimu mmoja awe na kazi hiyo tu.

Kwenye Kizimbani yenyewe kuna jambo ambalo skuli hulipita bila kujua. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar iko hapo, pamoja na chuo cha kilimo. Kitalu cha miche kina mafunzo kuliko matembezi mengi ya kulipia: mbegu ya karafuu inavyopandwa ingali mbichi kwa sababu ikikauka haioti, miche inavyopewa kivuli na kupunguziwa polepole kabla ya kupelekwa shambani. Hapo si mahali pa kujitokeza na mabasi mawili na kuomba mtu wa kuwazungusha. Ni ofisi ya serikali. Peleka barua ya mwalimu mkuu mapema, taja idadi, darasa, tarehe na mnachotaka kuona, kisha fuatilia kwa simu. Barua isemayo "tunaomba kutembelea" hukaa mezani. Isemayo "wanafunzi 40 wa darasa la tano, dakika 45, kitalu cha mikarafuu" hupata jibu.

Ukubwa wa kundi ndio unaoua ziara nyingi. Watoto 45 nyuma ya mtembezaji mmoja maana yake 12 wanasikia, 15 wanachuma majani ovyo, waliobaki wanarushiana malimau. Kwa mche mdogo kama hiliki, ambao matunda yake yako chini kabisa karibu na udongo, zaidi ya 15 hawawezi kuona kitu. Daini watembezaji watatu kwa darasa la 45 na kila kundi lianzie mahali tofauti. Shamba likisema mtembezaji mmoja anatosha, shamba hilo halijawahi kupokea watoto.

Mavazi. Skuli zetu hupenda kutoka na sare, shati jeupe na mtandio mweupe, ili watoto waonekane nadhifu. Hapa ni kosa la gharama. Mzingefuri ukipasuliwa hutoa mbegu nyekundu ambazo mtembezaji huwapaka watoto midomoni na usoni, na manjano mabichi yakikatwa humaliza kila mkono. Nendeni na nguo za michezo za rangi ya kiza na viatu vya kufunika vidole. Doa likishaingia, njia ni mbili tofauti. Rangi ya mzingefuri hutoka kwa mafuta, hivyo paka mafuta ya nazi kwanza, sugua, ndipo sabuni. Doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu na mama akadhani ni damu. Asiogope, asuuze, aanike juani, maana jua ndilo linaloliondoa rangi. Mabadiliko hayo ya rangi yanafaa kufanyiwa jaribio darasani: karatasi iliyopakwa maji ya manjano, tone la limau, tone la maji ya jivu. Kwa limau hubaki njano, kwa jivu huwa nyekundu. Hakuna kifaa cha maabara cha bei nafuu kuliko hicho.

Hatari za shamba la viungo ni ndogo, ila zinahitaji mtu mzima anayezijua. Uzio wa mashamba mengi ni mbono. Mbegu zake zina ladha isiyochukiza, na chache tu zinatosha kumtapisha na kumharisha mtoto vibaya. Kanuni iwe moja na isiwe na ubaguzi: hakuna kinachoingia mdomoni bila kupewa na mtembezaji mbele ya mwalimu. Kungumanga ni ya kunusa, maana vijiko viwili vitatu vya unga wake vinasumbua moyo na akili. Pilipili zikiguswa, mikono isipelekwe machoni. Mafuta ya kupikia kidogo kisha sabuni ndiyo yanayoondoa ukali wake kwenye ngozi, na macho yaoshwe kwa maji mengi tu. Wengine huonyesha mti wanaouita mti wa iodini na kutaka kupaka utomvu wake kwenye mkwaruzo wa mtoto. Kataa kwa upole. Kuna pia majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mikarafuu na michungwa kuwa viota. Wanauma, lakini si adui wa mkulima: hula wadudu wanaonyonya nazi changa, na kwa sababu hiyo wapo wanaowalinda. Onyesheni kiota kwa mbali, na somo la wadudu wenye manufaa limekamilika.

Historia ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Simulizi ya kawaida huanza na Sultani na kuishia na Sultani: karafuu zililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil akatajwa kuwa miongoni mwa wapandaji wa kwanza, Seyyid Said akazieneza, kisha picha kwenye hamamu, bafu la kale, ya Kidichi. Hamamu inastahili dakika ishirini, na ni karibu. Ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, na nakshi za plasta ukutani ni za kwao. Lakini aliyechimba mashimo, aliyepanda, aliyepalilia na aliyepanda juu kuchuma hatajwi. Mashamba haya yalisimama kwa kazi ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa mwaka 1897, miaka 24 baadaye, na sababu mojawapo ya kuchelewa huko ilikuwa hofu kwamba karafuu zingekosa wachumaji. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wana umri wa kuelezwa. Mwalimu alibebe somo hili mwenyewe, asilingoje kwa mtembezaji.

Wakati: mfike shambani saa mbili asubuhi, muondoke saa tano. Baada ya hapo jua linakaza, na magari ya watalii yanaanza kumiminika, watembezaji wakawapa watoto kisogo. Skuli zenye mikondo miwili zitumie asubuhi kwa wanafunzi wa mchana, hawatapoteza kipindi hata kimoja. Ijumaa mkiwa na darasa kubwa ni kujitafutia haraka. Ramadhani msiende, kwani nusu ya ziara ni kuonja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za ndani huwa tope na gari aina ya Coaster ikikwama hutoka kwa trekta. Mwezi wa Disemba na Januari mna faida ya ziada: shokishoki na doriani zimeiva, na meza ya matunda mwishoni huwa na kitu, si nanasi na ndizi tu kama miezi mingine.

Bei hutajwa kwa kichwa, na bei ya kwanza mara nyingi ni ya mgeni. Jitambulisheni kuwa skuli, ombeni bei ya kundi zima, na iandikwe inajumuisha nini: kiingilio, watembezaji watatu, mkwezi, matunda, kofia za makuti. Mkwezi na msukaji wa makuti kwa kawaida hungoja bakshishi mbele ya watoto, jambo la kuudhi. Lipeni kabla, kwa mkono wa mwalimu mmoja, na waambiwe hivyo. Ziara huishia kwenye kibanda cha viungo na mafuta. Unga wa viungo wa pakti ndogo ndogo mara nyingi ni wa bei juu kuliko soko la Darajani mjini, na chupa za mafuta ya karafuu msiwaachie watoto wazinunue. Kijiko kimoja cha chai kikimezwa na mdogo wao nyumbani ni safari ya hospitali. Pesa za mfukoni zibaki skuli.

Mengine ya kuuliza kwenye simu ni mafupi: vyoo vingapi, maji ya kunawia yapo au mbebe dumu, kuna banda la kujikinga na mvua, gari linaingia mpaka wapi. Mashamba mengi yana choo kimoja au viwili, na watoto 45 baada ya dafu moja moja hawatangoja.